Majina Matano Chini ya Picha ya Bibi

Kalemie, tarehe 14 Mei 2025

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Wilfried,

Nakusalimu kwa moyo wote. Habari za Kigoma, habari za mashine za boti, habari za shemeji Mamie na watoto wenu? Nilisikia kwa mama mmoja anayevusha samaki wa ndagala kwamba mgongo ulikulaza mwezi wa pili. Naomba uwe umeshasimama na kazi imekupokea tena. Huku kwetu tunaamka. Mama ametimiza miaka sabini na saba. Magoti yanamsumbua akipanda kilima cha parokia, lakini sauti ni ile ile, akiniita kutoka jikoni majirani watatu wanaitika. Mume wangu Patrice bado yuko bandarini. Doudou wetu yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi, anapenda hesabu na hapendi kuosha vyombo.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Nimekupigia simu mara nyingi mwaka huu, hukupokea, na sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu, uisome barua hii mpaka mwisho. Ninalotaka kukuambia liko mbali kidogo, na sina ujasiri wa kuanza nalo.

Jumatatu ya wiki mbili zilizopita nilikuwa barazani nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, saa kumi hivi, mgeni akabisha hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, viatu vyake vimejaa vumbi la njia, na mkoba wa ngozi ameukumbatia kifuani utadhani amebeba mayai. Akajitaja kwamba anaitwa Gracieuse, anatoka Lubumbashi, anafundisha uchoraji. Akaniuliza kama hapa ndipo kwa Elisabeth, mshonaji wa Madame Reyna.

Yaya, kalamu ya kusahihishia niliiweka chini. Bibi Elisabeth alifariki mwaka 1963, mimi na wewe hatujazaliwa. Watu wa kartie, mtaa wetu wenyewe, hawalijui jina lake. Huyu mgeni amelipata wapi? Siku hizi Kalemie imejaa watu wenye makaratasi. Wengine wanapita kwenda Manono kwa mambo ya madini, wengine wanatafuta viwanja. Wanaanza kwa kukuuliza habari za babu yako, wanamaliza kwa kukuuliza cheti cha kiwanja. Nikamjibu kwamba amekosea nyumba. Alinishukuru kwa adabu. Lakini alipofika kwenye uzio alisimama, akaitazama namba ya nyumba iliyoandikwa kwa chokaa, akaiandika. Hapo nikajua atarudi.

Kesho yake nilipotoka shuleni nilimkuta amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai na Mama. Kasha la Madame lilikuwa limevutwa hadi katikati ya sebule, kifuniko wazi. Na Mama alikuwa anacheka.

Wewe kasha hilo unalijua. Tumekua tukiambiwa kwamba Madame aliliacha kwa babu alipokimbia mwaka wa Uhuru, akasema mutunze, nitarudi, na hakurudi. Tulijua tu kwamba alikuwa Mzungu mwenye duka la vitambaa, na kwamba alichora. Mama Gracieuse ndiye aliyetueleza mengine. Alisema Madame Reyna alikuwa Myahudi, mzaliwa wa kisiwa kinachoitwa Rodi, upande wa Ugiriki. Wayahudi wengi wa kisiwa hicho walikuja Katanga zamani za Wabelgiji, waume wakafungua maduka kando ya reli, na hakuna aliyewahi kuuliza wake zao walikuwa wanafanya nini nyuma ya maduka yale. Yeye ndiye anauliza. Miaka minane sasa anatembea akitafuta kazi za mikono yao ili aziandikie kitabu. Amempata mmoja wa Lubumbashi aliyetarizi vitambaa vya meza, ndege wa mabwawa yetu mwanzo hadi mwisho wa kitambaa, hakuna anayefanana na mwenzake. Amempata mwingine aliyefinyanga vyungu, akijifunza kwa wanawake wa Kiluba, akaandika sala za kwao ndani ya chungu, mahali ambapo mkono tu unafika. Na amemtafuta Madame Reyna, ambaye yeye anamhesabu kuwa mkubwa wao wote, na hakuwahi kuona hata picha yake moja.

Mama akasema hayo ya Uyahudi yeye aliyajua kidogo. Alikumbuka kwamba duka lilifungwa Jumamosi na Bibi hakushona siku hiyo, na kwamba Ijumaa, jua likiwa bado halijazama, Madame aliwasha mishumaa miwili kisha akajifunika uso kwa mikono.

Tukazitoa picha. Nakiri nilikuwa sijaziangalia vizuri tangu utotoni. Kuna ile ya wanawake wanaotandaza ndagala mchangani. Ukiisogelea unaona kila samaki ni mkwaruzo wa kucha tu, amekwaruza rangi ikiwa mbichi. Kuna ya stesheni, na babu mwenye kofia ya reli. Kuna mlango wa buluu na bahari isiyo ziwa letu, na kuna mkate uliosukwa kama nywele. Mgeni alivaa glavu nyeupe. Alikaa mbele ya zile ndagala muda mrefu, kisha akaniita nione kwamba mahali peupe hapana rangi kabisa. Madame alichora kwenye amerikani ya dukani kwake, na alipotaka mwanga alikiacha kitambaa kitupu. Alisema hivyo na macho yake yakalowa. Mimi nikajisemea, mtu anayekisifia kitu namna hii anatafuta namna ya kuondoka nacho.

Halafu akauliza picha ziko ngapi. Mama akajibu kwamba zilikuwa saba, zimebaki sita. Kisha akasema maneno ambayo unayajua:

"Ile ya saba iliibiwa na mutoto wangu mwenyewe."

Mgeni akainua kichwa, akauliza hiyo ya saba ilikuwa na nini. Nilimkata kauli. Nilisema Mama amechoka, arudi siku nyingine. Mama alinishangaa, maana hakuwa amechoka hata kidogo.

Usingizi ulinipungua tangu siku hiyo. Nilizihesabu zile picha sita kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilimwambia Doudou asimwache bibi yake peke yake na mgeni. Alhamisi, mama yule alipokwenda uani kunawa mikono, nilifungua mkoba wake. Usinihukumu bado, ya kunihukumu yako mbele. Nilikuta glavu, kamera ndogo, dawa za presha, na nakala ya daftari la zamani lililoandikwa kwa Kifaransa. Nilifungua katikati. Ilikuwa picha ya saba, imechorwa kwa penseli: Bibi Elisabeth amekaa mezani, mtandio mweupe mabegani, mishumaa miwili mbele yake, na chini mistari mitano ya herufi zile ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma nyumbani kwetu.

Nilisikia hatua zake, nikarudisha kila kitu. Lakini nilipommiminia chai, niliimwaga mezani.

Sasa nikuambie nilifikiri nini. Nilifikiri wewe ndiye uliyemtuma. Nilijisemea, Yaya amekaa Kigoma miaka sita na jina la mwizi, amempata mwanamke mwenye maneno mazuri, amempa mchoro, amemwambia nenda nyumbani kwetu ukachimbue. Nilimchunguza kila alipofungua kinywa. Aliposema neno Kigoma, alipoeleza tu kwamba amewahi kuvuka ziwa, nilimuuliza alifikia kwa nani, alikula wapi, anamjua fundi gani. Alinijibu taratibu, akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama daktari anayekuuliza maumivu yalianza lini.

Ijumaa nilikwenda kwa Papa Pierre, shefu wa kartie. Nilimwambia kuna mwanamke anazunguka na kamera, anaandika namba za nyumba, anadai anatafuta picha lakini mimi naona anatafuta ardhi kwa niaba ya watu wa madini. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Papa Pierre akapeleka habari panapohusika. Siku hiyo hiyo walimchukua mama yule katika nyumba ya masista alikolala, wakamweka kwenye biro, ofisi yao ya usalama, na maswali mpaka jioni, wakashika karatasi zake na kamera. Jumamosi akaitwa tena. Sikupata raha niliyoitarajia. Mama aliposikia alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaenda na magoti yale yale mpaka kwenye biro, akakaa kwenye benchi na kusema haondoki bila mgeni wake. Walimwachia saa tisa alasiri. Walirudi wote wawili kwa pikipiki mbili, na Mama alikuwa mbele anaelekeza njia.

Nilidhani mgeni atapanda ndege arudi kwao. Badala yake, Jumapili baada ya misa, alikuja, akakaa, akasema anajua mtu mmoja wa nyumba hii ndiye aliyempeleka kwa shefu, na hana kinyongo, kwa sababu wanawake anaowaandikia walizoea kushukiwa kila walikokwenda. Hakunitazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa lile daftari, akamwambia Mama kwamba alikuwa anasubiri siku ya utulivu ili amwonyeshe kitu. Lilikuwa daftari la Madame mwenyewe. Wajukuu wake wa Ubelgiji walilipata baada ya kifo chake, wakampa nakala. Humo ndimo alimopata jina la Elisabeth na jina la avenue yetu, barabara hii tunayokaa. Basi. Hakuna aliyemtuma.

Akafungua ukurasa ule wa katikati, akauweka magotini kwa Mama.

Yaya, unajua hakuna fotografia ya Bibi duniani. Ile picha ya saba ndiyo ilikuwa uso wake. Ndiyo maana Mama aliitoa kila mwaka siku ya kifo chake, akaisimamisha juu ya meza. Sasa alikiangalia kile kikaratasi, akapitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye pua, akamtambua, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo:

"Njo yeye. Njo Mama yangu."

Mama Gracieuse akamsomea yale ambayo Madame aliyaandika pembeni. Mwaka 1945 barua ilifika Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa zamani, ikamjulisha Madame Reyna kwamba Wajerumani waliwachukua Wayahudi wa kisiwa chao kwa meli na kwa treni, na kwamba mama yake na dada zake wanne waliuawa huko walikopelekwa, na miili yao ikachomwa. Kwa desturi yao mfiwa hukaa chini siku saba. Mume wake alikuwa safarini Kabalo, hakuwa na ndugu mji huu. Mshonaji wake, Elisabeth, alifunga cherehani, akaingia ndani, akakaa naye sakafuni siku zote saba, akampikia, hakumwambia anyamaze. Miaka mitano baadaye Madame akamchora. Mtandio ule mweupe ulikuwa wa mama yake, kitu pekee cha mama yake alichokuwa nacho. Aliandika, kama nilivyosikia, kwamba amemvika Elisabeth kwa sababu hakubaki mwingine wa kuuvaa.

Na ile mistari mitano, Yaya. Zile herufi. Ni herufi za Kiebrania. Ni majina. Sultana, ambaye ni mama yake. Estrea, Rosa, Djoya, Matilde. Hawakuwa na kaburi, kwa hiyo aliwaandika pale, miguuni pa Bibi yetu. Mgeni alisema katika picha zote ambazo Madame anazitaja daftarini, ni hiyo moja tu aliyoiwekea majina hayo. Kisha akafunga daftari, akauliza kwa upole kama familia ina fununu yoyote picha ile iliishia wapi, hata kama iliuzwa, hata kama iko mbali.

Mama akaanza kulitaja jina lako. Akasema, "Wilfried njo aliibeba..." Hapo sikuweza tena.

Yaya Wilfried, hukuibeba. Ni mimi. Niliichoma.

Nisikilize. Unakumbuka mwaka ule Doudou alivyopatwa na degedege, amelazwa, macho yamegeuka, na manesi hawaniambii kitu. Mchungaji Edouard, yule wa kanisa la mabati nilikokuwa nasali siku hizo, alikuja nyumbani kuombea vyumba. Alikuta kasha liko wazi, akaiona picha. Akasema mishumaa ile ni ya kafara, na zile herufi ni majina matano ya pepo wanaomla mtoto. Yaani hata idadi aliipata. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wasiogope herufi. Na mimi nikaogopa herufi. Jumapili asubuhi Mama akiwa misani, niliikata ile amerikani kwa mkasi, nikaiweka kidogo kidogo kwenye mbabula ya makaa nyuma ya jiko. Uso wa Bibi niliuweka wa mwisho. Doudou alipata nafuu siku ya tatu, baada ya daktari kubadilisha dawa, lakini mimi nilishikilia kwamba ni moto ule uliomponya, maana bila hivyo ningejiambia nini?

Jumanne wewe ulivuka kwenda Kigoma na ile shafti ya mashine uliyoifunga kwenye shuka. Wiki iliyofuata Mama alifungua kasha, akakuta nafasi. Jirani akasema alikuona bandarini na kitu kirefu kimefungwa. Mama akanigeukia, akaniuliza nani mwingine alikuwa na ufunguo. Nilijibu, "Yaya." Neno moja tu. Ulipopiga simu ukalia na kuapa, nilikuwa nimekaa pembeni ya Mama, nilisikia kila kitu, na aliposema usikanyage tena nyumba hii nilitazama chini. Miaka sita nimekushuku wewe, nimeshuku wageni, nimewashuku hata majirani wanaonyamaza nikipita, nikidhani kila mtu anajua. Kumbe niliyepaswa kuogopwa ni mimi.

Niliyasema haya yote Jumapili, mbele ya mgeni. Nilipofika kwenye mkasi Mama aliinua mkono ninyamaze. Mama Gracieuse alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Hakunilaani. Alisema tu, "Basi walichomwa mara mbili," na nadhani hakukusudia niisikie kauli hiyo. Sitaisahau.

Mama hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu aliniita, akasema mimi nimekosa na yeye amekosa, kwa sababu mama anayemjua mwanawe hapaswi kumhukumu kwa neno la jirani na kwa ukimya wa dada yake. Hajanisamehe. Alisema hilo litachukua muda wake na nisimharakishe. Kwa Papa Pierre nimekwenda na kufuta maneno yangu, na kamera imerudishwa. Zile picha sita zinabaki nyumbani. Mgeni amezipiga picha kwa kitabu chake na hakuomba hata moja. Ametuachia nakala ya ukurasa ule. Ametuandikia pia majina matano kwa herufi zao, na Doudou anajifunza kuyanakili, kutoka kulia kwenda kushoto, kila jioni baada ya hesabu. Nimemweleza kwa nini. Ni mdogo, lakini alistahili kulisikia kwangu.

Sikuombi unisamehe katika barua. Ukitaka kunitukana, nitapokea simu saa yoyote. Ukitaka kunyamaza miaka sita mingine, nitakuwa nimestahili.

Nilimwambia Mama kwamba barua hii nitampa mtu wa boti. Alikataa. Alisema alikufukuza kwa simu, hatakurudisha kwa mkono wa mtu mwingine. Amekata tiketi ya boti ya Alhamisi. Amefunga kitenge, dawa za magoti na samaki wakavu wa watoto, na amesema atakukabidhi bahasha mlangoni kwako, atanyamaza mpaka umalize kusoma, ndipo atasema lake. Nimejaribu kumzuia kwa sababu ya mawimbi na umri wake. Unamjua.

Msalimie shemeji Mamie, wabusu watoto ambao sijawashika. Patrice anakusalimu, Doudou anamsalimu mjomba wake. Mungu awaweke.

Mimi mdogo wako niliyekukosea,

Odile

Yaya, kama umefika hapa basi bado amesimama. Mpe kiti.